Kuuza boda yako bila kujinunulia kesi: namna ya kumkagua mnunuzi

Maswali yanayonifikia kuhusu kuuza pikipiki yanafanana kama mapacha. Nimepata mteja, ana pesa mkononi, anataka kuondoka nayo leo: nimpe logibuku (hati ya umiliki)? Fotokopi ya kitambulisho chake inatosha? Na kama hana TIN, yaani namba ya mlipakodi? Kupatana bei watu wanajua, tena sana. Kinachowashinda ni kumkagua anayenunua, maana tumezoea kwamba wa kukaguliwa ni muuzaji na mali yake.

Mwongozo huu ni wa mtu binafsi anayemuuzia mtu binafsi hapa Uganda, iwe ni Bajaj Boxer, TVS au chuma kingine chochote chenye namba. Wenye maduka wana utaratibu wao.

Sababu ya kujisumbua ni moja. Pikipiki iliyouzwa bila kuhamishwa jina bado ni yako machoni pa polisi. Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi, aliuawa Kulambiro na watu waliokuwa kwenye pikipiki. Tarehe 1 Juni 2021 Jenerali Katumba Wamala alimiminiwa risasi Kisaasi, binti yake na dereva wake wakafa, na washambuliaji walikuwa kwenye pikipiki vilevile. Likitokea jambo la namna hiyo, mpelelezi anauliza kwanza pikipiki ni ya nani, na jibu analitafuta kwenye rejista. Karatasi iliyo kwenye droo yako yeye haijui. (Jenerali huyo alikuwa waziri wa ujenzi na uchukuzi siku aliyopigwa risasi, na rejista ya magari, iliyokuwa kwa mamlaka ya mapato, URA, kwa miaka mingi, leo iko chini ya wizara hiyohiyo.) Tuache mauaji: faini za barabarani nazo hufuata namba, na namba hufuata jina.

Kwa hiyo unamtafuta mnunuzi wa namna hii: ametimiza miaka 18, ndiye anayesema ndiye, ana TIN au yuko tayari kuipata, na anakubali umiliki uhamishwe kabla hajashika ufunguo. Akikosa moja kati ya hayo, huna mnunuzi, una mtu mwenye pesa.

Andaa haya kwanza

- Logibuku halisi yenye jina lako, pamoja na fotokopi yake.
- Kitambulisho chako cha taifa na TIN yako.
- Picha zako ndogo za pasipoti.
- Fomu za makubaliano ya mauzo, nakala tatu, zikiwa bado hazijajazwa wala kusainiwa.
- Simu yenye kamera nzuri na salio la kutosha.
- Shahidi wako mwenyewe. Usimtegemee atakayeletwa na mnunuzi.
- Kitambaa na tochi ndogo, kwa sababu namba ya chasisi huwa imefunikwa na grisi na vumbi la Kampala la miaka mitatu.

Hatua kwa hatua

1. Jikague wewe kwanza. Kama pikipiki iko kwenye mkopo na logibuku ina jina la kampuni iliyokukopesha, huna cha kuuza bado. Lipa, upate barua ya kumaliza deni, ndipo utangaze. Mnunuzi mwerevu anaweza kuulizia URSB (ofisi ya serikali ya usajili), kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika iliyotokana na sheria ya 2019, akaliona deni lako kabla hujafungua kinywa.

2. Mchuje kwa simu. Kabla ya kupanga kuonana, mwulize mambo matatu: jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kama ana TIN, na kama anakubali kuhamisha jina siku ya malipo. Waambie wote maneno yale yale, bila kujali anayepiga ni kijana au mzee wa heshima. Wengi wenye nia mbaya huishia hapa. Mmoja atakujibu, "Bosi, mimi sitaki mambo ya ofisi, nisainie fomu tupu nitajaza mwenyewe." Mwambie asante, ukate.

Madalali nao huomba fomu tupu. Hawana uovu mkubwa. Wanataka tu kuiuza tena bila kulipia uhamisho mara mbili. Lakini fomu tupu yenye saini yako inaweza kupita mikono minne kabla ya kujazwa, na katika mikono yote minne pikipiki ni yako. Dalali akitaka kununua, anunue kwa jina lake.

3. Chagua mahali na saa. Kutaneni mchana, kwenye kituo cha mafuta chenye kamera au karibu na kituo cha polisi. Nyumbani kwako hapana, na gizani hapana hata kama anasema ndiyo kwanza ametoka kazini. Waendesha boda wameuawa kwa ajili ya pikipiki, hilo halihitaji maelezo.

4. Soma kitambulisho, usikitazame tu. Hatua hii ndiyo watu huimaliza kwa sekunde mbili, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Omba kadi yenyewe. Picha iliyo kwenye WhatsApp si kadi. Ishike mkononi, kisha fuata mpangilio huu:

- *Uso.* Linganisha na mtu aliye mbele yako. Kama amevaa kofia ya pikipiki, aivue. Usione aibu kuomba.
- *NIN.* Ni namba ya utambulisho wa taifa, na ina herufi na tarakimu 14 kwa jumla. Ya raia mwanamume huanza na CM, ya raia mwanamke CF. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa: aliyezaliwa 1994 ana CM94 au CF94. Sasa tazama tarehe ya kuzaliwa iliyochapwa kwenye kadi hiyohiyo. Zikipingana, rudisha kadi kwa adabu na uondoke.
- *Namba ya kadi.* Iko peke yake, nayo si NIN. Watu wengi huandika hii kwenye makubaliano wakidhani wameandika NIN. Andika zote mbili.
- *Umri.* Kadi ya taifa hutolewa kuanzia miaka 16, kwa hiyo kuwa na kadi hakumaanishi kuwa mtu mzima. Piga hesabu. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mtu wa miaka 18 kwenda juu, na leseni ya pikipiki nayo haitolewi chini ya hapo. Kijana wa miaka 17 mwenye milioni tatu taslimu aje na mzazi, na makubaliano yaandikwe kwa jina la mzazi.
- *Nyuma ya kadi.* Hapo pana kijiji, parokia, kaunti ndogo, kaunti na wilaya. Igeuze, usome kimoyomoyo, kisha katikati ya maongezi ya kawaida uulize: "Kwenu ni wapi hasa?" Mwenye kadi atataja kijiji chake bila kufikiri. Mwenye kadi ya mtu mwingine hutaja wilaya, halafu hukwama kwenye parokia. Lakini uwe mwangalifu na hukumu, kwa sababu aliyezaliwa Mulago na kulelewa Nakawa anaweza kuwa hakijui vizuri kijiji cha babu yake huko Nebbi kilichoandikwa pale.

Piga picha pande zote mbili, ukiwa umemwomba ruhusa. Picha hizo ni za kumbukumbu yako tu. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 ipo, na kusambaza kitambulisho cha mtu kwenye makundi ya WhatsApp "ili wenzangu wamjue" kunaweza kukuletea kesi.

5. Linganisha jina na namba ya simu. Laini zote husajiliwa kwa kitambulisho. Anza kumtumia kiasi kidogo kupitia MTN kwa *165# au Airtel kwa *185#: kabla hujaweka PIN, jina la aliyesajili laini linajitokeza. Likilingana na kadi, vizuri. Likitokea jina jingine, mwulize ni la nani kabla ya kuendelea. Laini ya mke au ya kaka ni jambo la kawaida. Kigugumizi ndicho kinachotakiwa kukuzindua. Ukishaona jina, ghairi, huhitaji kutuma hata shilingi.

6. Mwulize pikipiki inakwenda kufanya kazi gani. Swali hili si umbeya. Kama ataiendesha mwenyewe, aonyeshe leseni yenye daraja A. Kama anamnunulia kijana atakayemletea hesabu kila wiki, yeye hahitaji leseni ili amiliki, ila ndiye atakayeandikwa kwenye logibuku, kwa hiyo TIN na NIN ni zake, si za kijana. Mama anayemnunulia mwanawe ni mnunuzi halali kabisa. Usimkatae; mwandike mama.

Kama ni mtu wa boda, mwulize steji yake (kijiwe anakosubiri abiria) na jina la mwenyekiti wa steji, kisha mpigie mwenyekiti huyo. Mwenyekiti atakuambia kwa dakika moja kile ambacho ofisi isingekuambia kwa mwezi: ni mtu wao, ni mgeni, au walimfukuza mwaka jana kwa jambo fulani. Namba ya mwenyekiti usiipokee kwa mnunuzi mwenyewe. Pita steji, au mwulize boda mwingine wa eneo hilo.

Barua ya LC I, yaani baraza la kijiji, inasaidia pia, hasa mnunuzi akitoka wilaya usiyoijua. Thamani yake ni kwamba kuna mtu anayeishi naye aliyeweka muhuri. Muhuri wa LC ni rahisi kughushi, kwa hiyo piga simu iliyo kwenye barua na umtajie mwenyekiti jina na kijiji.

7. Majaribio ya kuendesha. Hapa pikipiki nyingi hupotea bila hata kuuzwa. "Nizungushe kidogo nisikie injini," naye ndiyo hivyo, hazunguki tena. Masharti ni mawili. Kwanza, kiasi chote cha bei kiwe mkononi mwa shahidi wako kabla ya ufunguo kugeuka, au wewe ukae nyuma yake. Pili, kadi yake ya taifa na simu vibaki. Rafiki yake asibaki kama rehani, kwa maana wanaokuja wawili mara nyingi hawajuani kiasi unachodhani, au wanajuana kupita kiasi.

8. Andika makubaliano. Kwa sheria ile ya 2010, mkataba wa kitu kinachozidi shilingi 500,000 unatakiwa kuwa wa maandishi, na hakuna Boxer nzima inayouzwa chini ya hapo. Andika majina kamili, NIN zote mbili, TIN zote mbili, namba ya pikipiki, namba ya injini na namba ya chasisi. Namba hizo zisome kwenye chuma chenyewe. Usizinakili kutoka kwenye logibuku. Chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani: ipanguse kwa kitambaa, uimulike, upige picha, mnunuzi naye aisome kwa sauti. Herufi moja ikikosewa, uhamisho utarudishwa.

Andika saa. Si tarehe tu, saa: "leo tarehe 14, saa 6:20 mchana." Faini ya saa nane mchana ule haiwezi kuwa yako. Kisha ongeza sentensi moja kwamba kuanzia saa hiyo kila kosa, faini na ajali ni juu ya mnunuzi.

Mnunuzi asiyejua kusoma asomewe yote kwa lugha anayoielewa, na aliyemwandikia aweke jina na anwani yake kwenye karatasi hiyo pamoja na maneno kwamba alimsomea. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inadai hivyo, na wengi husahau. Dole gumba peke yake halitoshi.

9. Pokea pesa. Kiasi kikubwa kimalizieni benki: wao wanahesabu, wao wanakagua noti za 50,000, nawe unaweka akaunti papo hapo. Akilipa kwa simu, usiamini ujumbe. Kila mtu siku hizi anaweza kuandika ujumbe unaofanana na wa MTN. Piga *165# au *185# uangalie salio lako mwenyewe. Na mkubaliane mapema nani anabeba gharama za kutoa, maana kuna ada ya kampuni na juu yake kodi ya asilimia 0.5 ya serikali. Nimeona biashara ikivunjika kwa ajili ya gharama hizo, watu wazima wakinuniana mbele ya wakala.

10. Hamisha jina, ndipo utoe ufunguo. Fungueni ombi la uhamisho pamoja, wote mkiwepo, na lipieni ada siku hiyohiyo. Ada uliza siku yenyewe, usitegemee aliyolipa jirani mwaka jana. Ukishaona risiti ya ombi yenye namba ya pikipiki na TIN ya mnunuzi, mpe ufunguo na logibuku.

Watu huniambia hatua hii inachosha, mnunuzi atakimbia. Atakimbia, ndiyo. Mwingine atakuja wiki ijayo.

11. Weka kumbukumbu. Makubaliano, picha za kadi, picha ya mnunuzi amesimama kando ya pikipiki namba ikionekana, risiti. Ziweke kwenye karatasi na kwenye barua pepe yako. Simu huibiwa Kampala kuliko pikipiki. Baada ya wiki chache rudi uulizie rejista kama jina limebadilika kweli, kwa sababu ombi lililopokelewa bado si ombi lililokamilika.

Mambo yakikwama

*Mnunuzi hana TIN.* Hili ni dogo. TIN inaombwa mtandaoni URA, bila malipo, kwa kutumia NIN. Akikuambia ameombwa pesa, kuna mtu wa kibanda cha intaneti anayejilipa. Chukua arubuni ndogo, umwandikie risiti, pikipiki ibaki kwako.

*Kadi yake imeisha muda.* Kadi za kwanza zilianza kutolewa 2014 kwa muda wa miaka 10, kwa hiyo utakutana na nyingi za namna hiyo. NIN haibadiliki kadi inapoisha. Mwombe na karatasi ya kuonyesha kwamba ameomba kadi mpya, na ukaze kamba kwenye hatua ya 5 na ya 6.

*Hana kadi kabisa, ana fotokopi na ripoti ya polisi ya kupotelewa.* Inawezekana ni kweli. Subiri apate kadi nyingine. Pikipiki haiozi.

*Mnunuzi ni Mkongo au anatoka Sudan Kusini.* Tunaoishi na kufanya biashara Arua, Koboko, Bwera au hata Nsambya tunawauzia kila siku, na ni wateja wazuri. Mkimbizi ana kadi inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, mgeni mwingine ana pasipoti. Nendeni pamoja kwenye ofisi ya rejista *kabla* ya pesa kubadilishana mikono, mwulize kama nyaraka alizonazo zinatosha kuandikishwa kama mmiliki. Jambo la kukataa ni lile la "naivusha mpaka wa Mpondwe leo jioni, jina halina shida." Pikipiki ikishavuka na namba yako ya Uganda, hutaiona tena, lakini jina lako litabaki pale pale.

*Logibuku ina jina la aliyekuuzia wewe.* Huwezi kumhamishia mtu kitu ambacho hakijawa chako kwenye rejista. Mtafute yule wa kwanza, mhamishe kuja kwako, ndipo uuze. Kama amefariki, familia inahitaji barua za kusimamia mirathi, na hapo mtafute wakili mapema.

*Mfumo unakataa ombi.* Kwa kawaida ni faini ambazo hazijalipwa, au namba ya injini isiyolingana kwa sababu injini iliwahi kubadilishwa bila kuandikishwa. Faini za kabla ya saa ya makubaliano ni zako, lipa. Injini inahitaji ukaguzi, na ni kazi yako muuzaji kuimaliza.

*Umeshauza zamani, hukuhamisha, na mnunuzi hapokei simu.* Chukua makubaliano, hata yale ya karatasi ya daftari, nenda kituo cha polisi uandikishe kwamba uliuza tarehe fulani kwa fulani, upewe namba ya kumbukumbu. Kisha peleka barua rejista ukiambatisha nakala, mpokeaji agonge muhuri kwenye nakala yako. Kama hata makubaliano hayapo, tafuta shahidi aliyekuwepo, ujumbe wa malipo kwenye simu, au mwenyekiti wa steji anayeiona pikipiki hiyo kila asubuhi. Kisha wakili akuandalie hati ya kiapo. Usiende kuichukua kwa nguvu ukiiona imeegeshwa. Aliyenayo ameilipia, na hapo mtuhumiwa utakuwa wewe.